Hirizi ya Duka, na Amana Iliyomo Ndani Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Alhamdu lillahi, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Imetufikia suala kutoka kwa ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani, aliyefungua duka la nguo katika mji wa Tabora. Asema hivi: Mwezi wa Julai nililetewa na mfanya biashara wa Bagamoyo marobota sita ya kanga na vitenge nimuuzie kwa ujira maalumu wa kila doti, na marobota mawili mengine naliyanunua kwake kwa deni. Yote manane nikayaweka katika chumba cha nyuma, nikafunga kwa kufuli. Usiku wa tatu wezi wakavunja wakachukua vyote. Mwenye mali ataka alipwe. Mimi nasema hii ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na mwenye kuwekewa amana halipi. Na asubuhi yake watu wa mtaa walimkamata kijana mmoja, mchukuzi wa sokoni, wakampiga hatta akavunjika mkono, kisha haukuonekana kwake hatta uzi. Ni ipi hukumu ya Sharia katika haya?

Hatukumjibu papo hapo. Tulimwandikia kumwuliza: Je, palikuwa na mlinzi? Nani alilala dukani? Na khabari ya mzigo huo ilijulikana na nani? Naye, Mungu amjazi kheri kwa ukweli wake, akajibu kwamba mlinzi alikuwako, lakini alikuwa hakulipwa miezi miwili, akaaga mwisho wa Juni akaenda zake, na yeye akakusudia kutafuta mwengine baada ya msimu wa tumbaku. Hakuna aliyelala dukani. Na khabari ya mzigo aliisema mwenyewe barazani siku ile ile ulipofika, apate wanunuzi. Na juu ya mlango, asema, palikuwa na hirizi.

Tuanze na hiyo hirizi, kwani jibu lote limo ndani ya neno hili. Sisi Waswahili tumelichukua kwa Waarabu, nao husema hirz, na maana yake ni mahali palipohifadhika, mahali ambapo kitu kikiwekwa huhisabiwa kimelindwa. Wanavyuoni wa fiqhi wanalitumia neno hili katika mlango wa wizi na katika mlango wa amana. Sisi tukaliacha sanduku, na kufuli, na mlinzi, tukabakiza jina kwa karatasi iliyoshonwa ndani ya ngozi. Hatutaki hapa kuingia katika khitilafu ya hirizi za kuvaliwa, ambayo ni ndefu na ina watu wake. Twasema tu kwamba hakuna chuo cha fiqhi tukijuacho kinachomwachilia mtu dhima ya amana kwa sababu alitundika karatasi mlangoni. Hirizi anayoulizwa mwenye duka ni ile ya asili.

Na hirzi hiyo haina kipimo kimoja. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani wamekisomesha vizazi na vizazi, ameeleza kwamba zizi ni hirzi ya wanyama wala si ya vyombo na nguo. Na ua wa nyumba ni hirzi ya vyombo na nguo za kila siku, wala si hirzi ya dhahabu na fedha. Kila kitu kina mahali pake, na ada za watu ndizo zipimazo. Kisha akaja katika nyumba isiyo na mtu ndani. Nyumba hiyo, kwa kauli ya madhehebu, ni hirzi wakati wa mchana, ikiwa mlango umefungwa na zama ni zama za amani. Sharti moja likikosekana, basi si hirzi tena.

Angalia, ndugu yetu, jinsi wakati ulivyoingia katika hukumu. Ukuta ni ule ule, na kufuli ni ile ile, lakini jua likichwa, au zama zikawa za khofu, hukumu hugeuka. Mtu aliyefunga duka lake mwezi wa Februari akaenda kulala kwake huenda akawa amehifadhi, na mtu yule yule akifanya vivyo hivyo mwezi wa Julai akawa amepoteza. Kwa hivyo haimtoshi mwenye duka kujua kufuli yake. Yampasa ajue na majira ya mji alimo.

Na majira ya Tabora si majira ya pwani. Huko mvua ni moja, huanza kiasi cha Novemba ikamalizika Aprili, kisha kiangazi hukaza hatta Oktoba. Tumbaku ya Urambo na Kaliua na Sikonge huuzwa kiangazi; mkulima aliyekaa mwaka mzima bila ya fedha hulipwa mara moja, naye huja mjini kutaka mabati, baiskeli, nguo za arusi. Hapo ndipo duka hujaa mali na sanduku likajaa fedha kwa pamoja. Mwizi naye ni mtu wa hisabu. Hupanda gari la moshi kama apandavyo mfanya biashara, akashuka kituo kile kile, na mgeni mmoja kati ya wageni mia hajulikani ni nani.

Juu ya hayo sisi tuna sikukuu zetu, nazo hufuata mwezi mwandamo, hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2025 Idi ya kuchinja iliangukia Juni, ndani ya msimu wa fedha. Na mwaka 2030, kwa hisabu za falaki, Ramadhani itaingia mara mbili katika mwaka mmoja wa Kizungu, Januari na tena mwisho wa Desemba. Mfungo huo wa pili utakuwa umekutana na msimu wa mwisho wa mwaka, ambao ni wakati polisi wa nchi hii huwaonya watu mara kwa mara juu ya wizi. Mwenye duka afungue takwimu zote mbili, ya mwezi na ya jua, aone ni wapi zinagongana, na hapo ndipo aongeze mlinzi.

Wazee wetu waliofuata njia ya misafara waliyajua haya bila ya kuambiwa. Kutoka Bagamoyo hatta Unyanyembe ilikuwa safari ya miezi, kupitia Mpwapwa na Ugogo, kisha pori la Mgunda Mkali, ambako aliyebaki nyuma ya wenzake huenda asionekane tena. Walipotua katika nchi za khatari walikata miiba wakazungusha boma, na mizigo ikapangwa pamoja palipo na macho ya watu. Huko Ugogo walitoa hongo, na wakati ule hongo ilikuwa ni ushuru wa kupita katika nchi ya mtemi na kunywa maji yake, wala si hii rushwa tuijuayo leo. Walihisabu majira ya wapagazi pia. Mnyamwezi alipenda kusafiri kiangazi, na mvua zikikaribia moyo wake ulikuwa shambani. Mwenye msafara aliyemcheleweshea posho katika wakati huo aliamka asubuhi akakuta mtu hayupo, na pengine mzigo nao haupo.

Walipofika Kazeh, mtaa wa Waarabu ulio asili ya mji wa Tabora, waliweka mali katika matembe. Richard Burton na John Speke walipokelewa huko tarehe 7 Novemba 1857, na tembe la Kwihara alimokaa Livingstone laonyeshwa hatta leo. Kuta zake ni nene, paa ni la udongo lisiloshika moto upesi, na vyumba vimeuzunguka ua. Hizo zilikuwa hirzi za kweli. Lakini tusisifu kupita kiasi, kwani miongoni mwa vilivyofungiwa katika nyumba za namna hiyo walikuwamo wanadamu, na kumwiba mtu mwenyewe ni wizi kuliko wizi wa kanga.

Na hatta tembe halikutosha zama zilipogeuka. Mwaka 1871 palitokea vita baina ya Waarabu wa Unyanyembe na Mirambo, njia ya Ujiji ikafungwa. Tarehe 22 Agosti, kiangazi kimekaza, Mirambo akaingia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa, na sehemu ya mji ikachomwa moto. Hatumwiti Mirambo mwizi. Alikuwa mtemi mwenye hoja yake juu ya njia na ushuru wake. Lakini mwenye mali iliyoungua hakufaidika kwa kujua hoja hiyo. Zama za khofu zilikuwa zimeingia, na nyumba iliyokuwa hirzi mwaka wa nyuma haikuwa hirzi tena.

Kuna kisa cha njia hiyo hiyo chenye kuhusu suala letu zaidi. Livingstone aliporudi Ujiji mwezi wa Oktoba 1871, mgonjwa na mwenye njaa, alikuta vitu alivyoletewa kutoka pwani vimeuzwa vyote. Aliyekabidhiwa vitu hivyo alikuwa Mwislamu aliyeitwa Sherifu. Alipoulizwa, hoja yake ilikuwa kwamba alitazamia kwa Kurani akaona mwenye mali amekwisha kufa. Twakitaja kisa hiki kwa haya, kwa sababu mwenye mali alikuwa Mnasara na mwenye khiyana alikuwa wa kwetu, na Kitabu kikafanywa pazia. Wala msomaji asicheke upesi, kwani baina ya aliyefungua Kitabu ili apate rukhsa ya kula amana, na aliyetundika aya mlangoni ili apate rukhsa ya kutomlipa mlinzi, umbali si mkubwa kama tunavyopenda.

Sasa tuje katika sharti za mwenye kushika mali ya watu. Asili ni kama alivyosema muulizaji: mwenye kuwekewa amana halipi kilichopotea, na wakala wa kuuza ni kama yeye. Akidai kimeibwa, husadikiwa kwa kiapo chake, kwa kuwa wizi ni jambo la siri. Lakini haya ni kwa asiyefanya taksiri, na wanavyuoni wamezitaja taksiri kwa majina. Kuiweka amana mahali pasipo hirzi ya mfano wake. Kuichanganya na mali yako hatta isipambanuke. Kumpa mtu mwengine pasi na udhuru wala idhini. Na kumwonyesha mwizi mahali ilipo. Hii ya mwisho wengi huidhani ni ya mtu khaini tu, anayekula njama na mwizi. Lakini nini tofauti, kwa mali yenyewe, baina ya kumnong'oneza mwizi mmoja na kutangaza barazani mbele ya watu ishirini kwamba mzigo umefika na umo chumba cha nyuma? Kutangaza bidhaa ni haki ya biashara. Tangaza kanga, usitangaze chumba.

Katika mji kama Tabora, ambako vyumba vingi vya nyuma ni vya matofali mabichi, mwizi mara nyingi hana haja ya mlango. Hutoboa ukuta, na usiku wa mvua kubwa makelele ya mabati humficha, hatta jirani asisikie nyundo. Kwa hivyo mali ya thamani haiegemezwi ukuta wa nje. Huwekwa chumba cha kati, au hugawanywa mahali pawili ili isipotee yote kwa usiku mmoja. Fedha ya mauzo haingoji Jumatatu. Hupelekwa benki siku ile ile, wala haipelekwi kila siku saa ile ile kwa njia ile ile. Kila robota liwe na alama, na alama iandikwe katika daftari pamoja na hisabu yake. Misafara ya zamani ilitia mizigo alama, nasi leo twaenda kituo cha polisi kudai kanga ambazo hatuwezi kuzipambanua na kanga za dunia nzima. Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, katika aya iliyo ndefu kuliko zote za Kurani. Mwenye duka anayeona uzito kuandika alama ya robota na aisome tena aya hiyo.

Wako na wezi wasiovunja ukuta. Msimu wa fedha unapoingia, simu za watu huletewa ujumbe usemao ile hela itume kwa namba hii, na mtu aliyekuwa kweli na deni la kulipa hutuma asiulize. Dawa yake ni moja: usitume hatta uisikie sauti ya mdai wako kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani.

Ama mlinzi, huyo ndiye mlango wa duka. Imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu atakuwa khasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina lake kisha akafanya khiyana, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu akastarehe kwa kazi yake kisha asimpe ujira. Watazame hao watatu, uone kama njia nzima ya misafara haikupita juu yao, na kama dukani kwako hakuna hatta mmoja wao. Mlinzi asiyelipwa akiondoka, umepoteza mlinzi. Akibaki, umemweka mwenye njaa alale juu ya mali ya watu.

Na hapa kuna msimu wa pili ambao wafanya biashara huusahau. Kuanzia Desemba hatta Machi, mahindi ya zamani yamekwisha na mapya hayajakomaa. Wizi wa miezi hiyo si wa marobota. Huibwa debe la unga, kuku, sufuria iliyoachwa uani. Huu ni wizi wa tumbo, na sharti uangaliwe kwa jicho jengine. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar katika mwaka wa njaa kuu ya Hijazi, mwaka wa 18 wa Hijra, alisimamisha adhabu ya kukata mkono. Na katika Muwatta ya Imam Malik mna kisa cha watumwa wa Hatib, walioiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Umar aliamuru wakatwe, kisha akamgeukia Hatib akamwambia kwamba amwona anawashindisha na njaa. Akauliza thamani ya ngamia, akaambiwa dirhamu mia nne. Akamtoza Hatib mia nane.

Ewe mwenye duka, kitie kisa hiki katika hisabu zako. Zaka ya biashara ni fungu moja katika arubaini, na madhehebu yetu yaruhusu kuitanguliza kabla mwaka haujatimia. Mwenye kuitoa Januari, mtaani alipo, huwa ameifikisha wakati wa haja yake.

Inabaki khabari ya kijana. Katika Unyamwezi na Usukuma, mwanzo wa miaka ya 1980, wanavijiji waliochoshwa na wezi wa ng'ombe na watu wenye bunduki waliunda sungusungu, kwa mishale na filimbi na yowe, na mwaka 1989 serikali ikawapa mahali katika sheria. Twaona kheri katika yowe: jirani kutoka nyumbani kwake usiku kwa ajili ya mali isiyo yake ni jambo kubwa. Lakini yowe lina kheri hatta pale mtu anapokamatwa. Baada ya hapo kazi ni ya ushahidi, na sungusungu wenyewe walilaumiwa kwa vipigo na kwa damu za watu, wakiwamo vikongwe waliotuhumiwa uchawi. Kijana huyu alikamatwa kwa sababu ni maskini, na alipita njiani jana yake, na uso wake wajulikana sokoni. Muulizaji hakuinua mkono, bali asema alinena mbele ya watu, Labda ni huyu, nalimwona akipita. Neno hilo labda lilitosha kuwa fimbo ya kwanza.

Hukumu, kwa tuonavyo, ni hii. Marobota mawili ya deni hayana mjadala: aliyanunua, akayapokea, yakawa mali yake, na wizi haufuti deni. Marobota sita yalikuwa amana, naye asingelipa lau angeyahifadhi. Lakini aliyaacha usiku, katika nyumba tupu, msimu wa khofu, mlinzi ameondoka na yeye anajua. Hiyo ni taksiri, na atalipa. Atalipa thamani yake ya siku yalipopotea, wala si bei aliyotarajia kuuzia. Mwenye mali akimwona hana, yampasa ampe muda, na akisamehe ni kheri kwake. Waliompiga kijana wana dhima ya mkono wake kwa kadiri atakayopima hakimu, na muulizaji ni mshirika wao katika dhambi kwa lile neno lake. Na aende kwa kijana mwenyewe, mchana, mbele ya watu wale wale wa mtaa waliolisikia neno, alikanushe kama alivyolisema.

Na kwa kuwa ametuuliza aanze wapi ilhali fedha aliyonayo haitoshi wote, twamwambia: mshahara wa mlinzi wa miezi miwili, kisha gharama za mkono na siku ambazo mchukuzi hakuweza kubeba mzigo. Mtu wa Bagamoyo ana daftari na mashahidi, naye ataweza kungoja hatta mavuno mengine. Wallahu aalam.